Mafuta Ikipanda, Jipange: Mwongozo wa Madere wa Nduthi na Ndai Kamere

Tarehe 14 ikifika jioni, hakuna dere anauliza leo ni siku gani. Kila msee kwa steji ako kwa simu akingoja kitu moja tu: EPRA wamesema aje?

Ikishuka shilingi mbili, watu wanacheka kidogo na maisha inaendelea. Ikipanda, lazima kuna mmoja atasema ile kitu kila mtu anafikiria: "Sasa hii kazi tunafanyia nani?"

Hiyo swali si ya mchezo. Kama unaendesha nduthi Kamere, Probox ya kwenda Naivasha town ama mat ya South Lake, mafuta ndio gharama ya kwanza unalipa asubuhi kabla hata hujaona customer. Jioni mwenye nduthi anangoja yake. Mkopo unangoja. Nyumbani unga inangoja. Mafuta ikipanda, hao wote hawakupunguzii hata ashu. Anayepunguziwa ni wewe.

Huu mwongozo hautakuambia uombe bei ishuke. Utakuonyesha kitu unaweza kushika na mkono yako. Bei ya lita inaamuliwa mbali na Kamere, lakini bei ya kilomita unaiamua wewe. Soma pole pole, chukua daftari, twende.

Hiyo bei hutoka wapi?

Kenya ilianza kuweka bei ya juu kabisa ya mafuta Desemba 2010. Siku hizi kazi hiyo iko kwa EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Kila tarehe 14 wanatangaza, na bei mpya inaanza usiku ikiingia tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Bei inatofautiana mji kwa mji juu ya usafiri kutoka Mombasa. Ya Nakuru na Naivasha huwa inakaribiana sana na ya Nairobi.

Stesheni inaweza kuuza chini ya hiyo bei. Kuuza juu yake ni makosa.

Ndani ya lita moja kuna vitu vitatu vikubwa. Kwanza ni bei ya mafuta yenyewe ikifika Mombasa, na hiyo inalipwa kwa dola. Hapo ndio vita na siasa za mbali zinakupata ukiwa umekaa tu kwa steji. Pili ni usafiri na faida ya wenye kuuza. Tatu ni kodi, na hiyo ni sehemu kubwa. Julai 2023, VAT ya mafuta ilitoka 8% ikaenda 16%. Julai 2024, ushuru wa kutengeneza barabara ulitoka shilingi 18 ukafika 25 kwa kila lita.

Cheki vile petroli ya super imecheza Nairobi:

- Agosti 2022: 159.12
- Septemba 2022, serikali ilipotoa ruzuku ya petroli: 179.30
- Mwanzo wa Julai 2023: 195.53
- Septemba 2023: 211.64
- Oktoba 2023: 217.36
- Aprili 2024: 193.84
- Oktoba 2024: 180.66

Umeona? Ndani ya miezi 14 ilipanda zaidi ya shilingi 58. Halafu ilishuka, lakini haikurudi pale ilikuwa. Ukipanga maisha yako ukingoja 2022 irudi, utangoja sana.

Bei ya kilomita ndio bei yako

Sasa hapa ndio kuna siri yenyewe. Wewe hauuzi lita, unauza kilomita. Customer hajali tanki yako iko na nini, anajali umemfikisha. Kwa hivyo hesabu yako lazima iwe ya kilomita.

Chukua nduthi mbili zinafanana. Ya kwanza inatunzwa vizuri, inaenda kilomita 45 kwa lita. Ya pili imechoka: cheni imelegea, chujio la hewa limejaa vumbi, taya ziko chini. Hiyo inaenda kilomita 35.

Kwa bei ya Oktoba 2024 (180.66):

- Nduthi fiti: shilingi 4.01 kwa kilomita.
- Nduthi imechoka: shilingi 5.16 kwa kilomita.

Sasa rudi Oktoba 2023, ile wakati mafuta ilikuwa 217.36 na kila mtu alikuwa analia. Nduthi fiti ilikuwa inakula shilingi 4.83 kwa kilomita.

Soma tena. Msee mwenye nduthi imechoka, na mafuta ikiwa 180, analipa zaidi kwa kilomita kuliko msee mwenye nduthi fiti alilipa mafuta ikiwa 217. Huyo wa nduthi imechoka hajawahi kutoka Oktoba 2023. EPRA walishusha bei, yeye bado ako huko.

Ukizunguka kilomita 120 kwa siku, hiyo tofauti ya 45 na 35 ni kama shilingi 138 kila siku. Siku 26 za kazi ni karibu 3,580. Hiyo ni rent ya watu wengi.

Pima yako leo, usikisie

Ukiuliza wasee kwa steji nduthi yao inakula aje, kila mtu atakupea namba tamu. Wachache wamepima. Kupima ni rahisi:

1. Jaza tanki mpaka juu kwa stesheni moja. Andika namba iko kwa mita ya kilomita.
2. Fanya kazi kawaida siku mbili au tatu. Usiendeshe kama mtakatifu juu unapima.
3. Rudi stesheni ile ile, jaza tena mpaka pale pale. Andika lita ziliingia, na namba mpya ya mita.
4. Toa namba ya kwanza kwa ya pili, gawanya na lita.

Mfano: mita ilikuwa 31,200, sasa ni 31,452. Hizo ni kilomita 252. Umeongeza lita 6. Gawanya, unapata 42. Halafu chukua bei ya lita ya mwezi huu ugawanye na 42. Hiyo ndio bei yako ya kilomita. Iandike nyuma ya simu kama unataka.

Najua kitu utasema: mita ilikufa kitambo. Waya wa mita si bei ya kutisha. Bila mita uko kwa biashara umefunga macho, kama mama mboga hajui sukuma alinunua ngapi sokoni.

Rudia hii hesabu kila mwezi. Namba ikishuka ghafla, kutoka 44 hadi 38, nduthi inakuambia kitu iko mbaya kabla iharibike kabisa.

Kilomita tupu: hapa ndio pesa inapotelea

Kamere iko na shida yake ya kipekee, na ni jiografia. Uko huku chini South Lake, upande wa geti ya Olkaria ya Hell's Gate, na Naivasha town ni zaidi ya kilomita 20. Tufanye 25 juu ya hesabu.

Customer anataka town. Mnapatana soo mbili na finje. Unaona 250, unasema fiti. Lakini kwenda na kurudi ni kilomita 50, na kwa nduthi fiti hiyo ni shilingi 200 ya mafuta. Umebaki na finje. Hapo bado oili, taya na masaa mawili ya maisha yako.

Sasa badilisha kitu moja tu. Kabla utoke Kamere, piga simu kwa mwenye duka, fundi ama mathe wa hoteli: "Naenda town, kuna kitu unataka nikuletee?" Ukirudi na mzigo mmoja wa soo moja, ile finje imekuwa 150. Safari ni ile ile, mafuta ni ile ile, na umepata mara tatu.

Wasee wa steji wanaweza kufanya hii pamoja. Fungueni grupu ya WhatsApp na wafanyabiashara wa Kamere. Vipuri, dawa ya mifugo, vocha, bidhaa za sokoni, vitu za mtoto wa shule, kila siku kuna mtu anataka kitu kutoka town. Mwenye safari anabeba, na kesho ni zamu ya mwingine. Usibebe tu mzigo hujui ndani kuna nini.

Kwa Probox ni hivyo hivyo, tena kwa nguvu. Ikienda kilomita 14 kwa lita, ile kwenda na kurudi inakula kama shilingi 645 kwa 180.66. Ukijaza abiria wanne kwenda halafu urudi tupu, kila mmoja amebebeshwa 161 ya mafuta. Ukijaza pande zote, ni kama 81. Kungoja dakika ishirini town upate abiria wa kurudi inaweza kukulipa kuliko kukimbia ukifukuza trip ingine.

Halafu kuna ile kilomita tupu ya kimya: kuzunguka mtaa ukitafuta customer. Kilomita 20 za kuzunguka kila siku, kwa nduthi fiti, ni shilingi 80. Mwezi ukiisha ni zaidi ya thao mbili umechoma bila mtu nyuma. Kaa steji, customer wako wawe na namba yako, wakupigie.

Na ujue saa zako. Kamere inaishi na maua. Asubuhi shifti zinaingia, jioni zinatoka, na kabla ya Valentine mashamba yanafanya kazi mbaya. Wikendi wageni wa Hell's Gate wanashuka. Safari Rally ikikuja Naivasha, vile imekuwa tangu irudi kwa ubingwa wa dunia 2021, barabara zinajaa. Hizo saa kuwa barabarani. Saa sita mchana siku ya Jumanne, zima injini upumzike.

Kwa fundi: vitu saba kabla ya kulalamika

Hizi ni vitu ndogo, nyingi hazifiki soo mbili, lakini ndizo zinakutoa 35 zikupeleke 45.

*Taya.* Taya iko chini inavuta kama umebeba mtu hayuko. Pima presha kila wiki asubuhi kabla taya zipate joto. Namba ya kampuni huwa kwa stika ya nduthi ama kwa kitabu.

*Chujio la hewa.* Ukitoka lami ya South Lake, vumbi ya huku ni laini kama unga. Inaziba chujio haraka, injini inakosa pumzi, inakunywa petroli zaidi. Lifungue kila wiki wakati wa kiangazi.

*Plagi.* Itoe, iangalie. Rangi ya kahawia hafifu ni poa. Nyeusi yenye masizi inamaanisha petroli ni nyingi kuliko hewa, na unachoma pesa. Nyeupe sana inamaanisha petroli ni kidogo, na injini inaweza kupata joto mbaya.

*Kabureta.* Hii wengi hawajui. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Nduthi yenye kabureta iliyotiwa kwa kipimo cha chini inaweza kuwa inakunywa zaidi huku. Mwambie fundi aitune akiwa huku, na aangalie plagi baada ya siku mbili.

*Cheni.* Cheni imekauka ama imekazwa sana inakula nguvu. Isafishe, iweke oili ya kutosha, iache na mchezo kidogo vile kitabu kinasema.

*Breki.* Inua nduthi na stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma na mkono. Likisimama haraka, breki inashika. Unaendesha huku umefunga breki.

*Oili ya injini.* Badilisha kwa wakati. Kuruka oili ndio uokoe soo chache leo ni kujikopesha pesa na riba ya kufungua injini.

Wenye ndai, zenu ni hizo hizo, ongezeni hizi mbili: angalieni laini ya magurudumu, na mtoe ile kereji ya juu kama haibebi kitu. Upepo unalipwa na petroli.

Vile unaendesha

Mkono wako wa kulia ndio unaamua tanki inaisha lini. Ukifungua yote, ufunge breki, ufungue tena, unageuza petroli kuwa joto ya breki. Shika mwendo moja. Ukiona matuta mbele, achilia mapema.

Ukisimama kungoja customer zaidi ya dakika moja, zima.

Sasa ile tabia ya kuzima injini ama kutoa gia ukishuka mlima: wacha. Kwa ndai, injini ikizima, breki inakuwa ngumu na stiaringi inakuwa nzito. Na kama ndai yako ni ya kisasa isiyo na kabureta, ukishuka ukiwa kwa gia bila kukanyaga mafuta, yenyewe inakata petroli. Ukitoa gia ndio inaanza kunywa ili isizime. Kwa nduthi, injini ndio breki yako ya tatu. Hakuna mafuta ya kuokoa inayolingana na mguu wako.

Na mshikaki? Sheria inasema abiria mmoja. Wawili nyuma wanaonekana kama faida, lakini unapoteza mafuta, breki inakuwa mbaya, na faini moja inakula wiki nzima.

Vile unanunua

*Tarehe 14.* Ndiyo, bei ikipanda ni poa kujaza kabla ya saa sita usiku. Lakini jua ukubwa wake. Tanki ya nduthi ya lita 11, bei ikipanda shilingi 5, umeokoa 55. Ndai ya lita 50, umeokoa 250. Jaza kama uko karibu. Usiendeshe kilomita 50 kwenda kupanga foleni juu ya 55.

*Jerikeni kwa nyumba.* Hapana. Mvuke wa petroli unatembea chini chini mpaka upate jiko ama kiberiti. Nyumba za mabati zimepangana, watoto wanalala chumba hicho hicho. Kuweka lita 20 chini ya kitanda ndio uokoe soo moja ni biashara ya kifo.

*Petroli ya chupa.* Iko karibu, iko haraka, na ni ghali. Fanya hesabu: chupa ya nusu lita ikiuzwa 110, umenunua lita kwa 220. Hapo hujui kama imejaa, na hujui ndani kuna nini. Mafuta taa iliwahi kuwa bei rahisi sana hadi watu wakawa wanachanganya, ndio serikali ikaiwekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita Septemba 2018 kupigana na hiyo mchezo. Chupa iwe ya dharura, usiifanye mpango wa kila siku.

*Soo soo.* Wasee wengi wanaweka ya soo moja mara tano kwa siku. Bei ya lita haibadiliki, lakini kila kwenda stesheni ni kilomita na ni wakati. Ukiweza kuanza siku na ya kutosha, utazunguka kidogo.

*Mkopo wa simu.* Kukopa ndio uweke mafuta ni sawa siku moja ya bahati mbaya. Ikiwa kila asubuhi, jumlisha ile ada kwa bei yako ya kilomita. Utashtuka. Weka pesa ya mafuta ya kesho kando leo jioni kabla ya kitu kingine chochote. Hata kama ni soo mbili.

Kupandisha fare bila kukosana

Hapa ndio wasee wengi wanaangukia. Mafuta inapanda, mmoja anapandisha, mwingine hapandishi, customer anakimbilia wa rahisi, na wote mnabaki na hasara. Kaeni kama steji. Tengenezeni karatasi moja ya bei: Kamere hadi geti, hadi beach, hadi DCK, hadi Kongoni, hadi town. Ibandikeni pale kila mtu anaona.

Pandisheni kwa hesabu, msipandishe kwa hasira. Petroli ikipanda shilingi 9 kwa lita, kwa nduthi ya kilomita 45 hiyo ni senti 20 kwa kilomita. Kwenda na kurudi town ni shilingi 10. Kuomba finje juu ya hiyo ni kumwibia mtu wa shamba la maua, na yeye pia mshahara wake haujapanda. Lakini mafuta ikipanda 20, vile ilifanya Septemba 2022, hiyo safari imeongezeka 22. Hapo una haki ya kuongea.

Ongea na heshima, na uonyeshe hesabu:

"Mathe, shikamoo. Mafuta imeongezeka mwezi huu. Safari ya town imeniongeza kama ishirini. Naomba tuongeze mbao."

"Na ikishuka, kijana wangu?"

"Ikishuka nitakurudishia, mathe. Bei iko pale kwa karatasi."

Halafu ikishuka, irudishe kweli. Customer ambaye umemrudishia mbao mara moja hatatafuta mwingine mwaka mzima.

Daftari: siku moja ya mfano

Hii si siku ya mtu fulani, ni mfano tu. Weka namba zako.

- Kilomita: 120
- Pesa imeingia: 1,400
- Ya mwenye nduthi ama mkopo: 400
- Mafuta (kilomita 45 kwa lita, 180.66): 482
- Chakula: 150
- Ya oili, taya na fundi, weka kando: 70
- Imebaki: 298

Ile nduthi imechoka, kila kitu kikiwa sawa, mafuta inakuwa 619. Imebaki 161. Ongeza zile kilomita 20 za kuzunguka ovyo, shilingi zingine 103, na umebaki na 58. Siku nzima kwa jua, 58.

Ndio maana swali la "tunafanyia nani" linauma. Ukiandika wiki mbili tu, utaona jibu kwa maandishi: kama unafanyia wewe, mwenye nduthi, fundi ama stesheni. Na kama baada ya kurekebisha kila kitu bado unabaki na 58, daftari ndiyo silaha yako ya kuongea na mwenye nduthi. Mwonyeshe. Mtu akiona namba anaweza kupunguza finje. Akisikia malalamiko tu, atatafuta dere mwingine.

Na umeme je?

Hapa kuna kichekesho cha Kamere. Unangoja petroli imetoka Ghuba, imepanda meli, imeshuka Mombasa, imesukumwa kwa bomba hadi juu. Na hapo nyuma yako mvuke wa Olkaria unatoa stima tangu 1981. Karibu 40% ya stima ya Kenya hutoka ardhini, na kubwa yake ni hapo.

Nduthi za umeme ziko Kenya tayari. Roam, Ampersand na Spiro ni baadhi ya kampuni. Mwaka wa 2023 EPRA waliweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari ya umeme, na usiku ni rahisi zaidi. Kwa kilomita, stima inashinda petroli mbali sana.

Lakini usikimbie. Uliza maswali manne kwanza. Betri ikiisha, pa kuibadilisha ama kuchaji ni wapi, na ni kilomita ngapi kutoka Kamere? Betri moja inafika town na kurudi ukiwa na abiria? Betri ni yako ama ni ya kukodi? Ikiharibika, fundi ako wapi? Majibu yakiwa mazuri, chukua. Kama pa kubadilisha betri ni mbali, umerudi kwa kilomita tupu, sasa ni za stima.

Maswali wasee huuliza

*Dizeli si afadhali?* Kwa mat inayojaza kila trip, inaweza. Kwa ndai ndogo ya trip chache, bei ya kuinunua na matengenezo yake inaweza kumeza ile tofauti. Piga hesabu ya kilomita, usiangalie tu bei ya lita.

*Kuna dawa ya kuongeza kwa tanki ipunguze mafuta?* Kabla ununue chupa ya miujiza, pima namba yako, tumia, pima tena. Kwa hiyo pesa, chujio na plagi mpya zitakusaidia zaidi.

*Mimi ni wa boti hapo beach, hii inanihusu?* Kabisa. Hesabu lita kwa saa badala ya kilomita. Boti imebeba uzito usiohitajika, ama propela imeharibika kingo, inakunywa vile vile.

*Mimi ni abiria tu, nifanye nini?* Panga safari zako. Ukienda town, tumana vitu vyote mara moja. Muulize jirani kama anaenda. Na ukiona dere amekuonyesha hesabu ya kweli, usimkate ile mbao.

Mwisho wa yote

Tarehe 14 ijayo utakuwa kwa simu tena. Hakuna shida, angalia. Lakini kabla uangalie ya EPRA, jua ya kwako. Kama mwezi uliopita ulikuwa 38 kwa lita na sasa uko 44, umejishushia bei karibu 14% bila kungoja mtu yeyote.

Kesho asubuhi, kitu cha kwanza: jaza tanki, andika namba. Tupatane barabarani, na helmeti iwe kichwani, isiwe kwa kioo.